Nilivyolipatia Kiswahili neno "overcrowd"

Mwenye taksi (kwetu Uganda ni basi dogo, kama matatu) ya kwenda Busia alinifuata Kampala na kibao kidogo cha bati. Abiria wake wengi huvuka kuingia Kenya, kwa hiyo alitaka onyo la Kiingereza, "Do not overcrowd", lisomeke pia kwa Kiswahili. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Nilidhani ni kazi ya dakika mbili. Ilikula jioni nzima.

Kwanza niliandika "Msijazane", nikafuta. Taksi zetu zina leseni ya abiria 14. Wakiketi 14, gari limejaa na halina kosa. Kosa linaanza na yule wa 15. Hapo ndipo "over" inapofanya kazi: kuna mpaka, nao umevukwa.

Iliyobaki ni "crowd", na hiyo ndiyo iliyonikesha. Sikujua kuwa haikuanza kama jina la watu wengi. Katika Kiingereza cha Kale ilikuwa kitenzi, crūdan, yaani kusukuma, kubana. Ndugu yake wa Kiholanzi, kruien, mpaka leo ni kusukuma toroli. Watu wakasukumana, wakapenya, wakabanana, hadi karne ya 16 kitenzi kikazaa jina: kundi la watu waliobanana.

Nikasikia sauti ya kondakta kichwani: "Ssebo, songa kidogo!" Songa! Anayekubana amekusonga, anayesogea amesonga, na anayepika ugali anausonga kwa mwiko mpaka ushikane. Humo humo tumepata songamana, msongamano, hata msongo wa mawazo. Lugha mbili zisizo na undugu zimeanzia kwenye mkono uleule unaosukuma, na yetu bado inausikia mkono huo. Nililala nimefurahi sana.

Asubuhi nikampa: "Msisongamane kupita kiasi."

Alisoma mara mbili. "Mwalimu, ni kizuri, lakini kiasi ni cha nani? Kondakta wangu atasema kiasi bado."

Alikuwa sahihi kabisa. Mpaka niliokuwa nautafuta katika kamusi alikuwa nao kwenye leseni yake. Tukafuta "kupita kiasi", na kibao kikachorwa kwa rangi nyekundu, juu ya mlango: "Mwisho abiria 14. Msisongamane."