Siku moja maishani mwangu: mtafuta visukuku wa Uvinza

Nikisema kazi yangu ni kutafuta visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka jiwe, swali linalofuata ni moja kati ya mawili: mmepata dinosaria, au mmepata dhahabu? Hapana, na hapana. Dinosaria wa nchi hii wametoka Tendaguru kule Lindi, na wengine upande wa Rukwa na Songwe. Sisi tuko Uvinza, mkoani Kigoma, kando ya mto Malagarasi, na siku nyingi tunachookota ni mfupa wa ng'ombe aliyechinjwa mwaka juzi. Hii hapa ni siku moja ya Agosti, mto ukiwa chini. Naiandika ili ndugu zangu wa Kasulu waache kudhani nalipwa kupunga upepo.

Saa 11 alfajiri. Chai ya rangi na muhogo wa kuchemsha uliolala. Nguo ni za rangi ya udongo, maana mbung'o wa huku wanapenda bluu na nyeusi. Kijana wetu mpya katoka hemani na jinzi ya bluu. Nimemshauri abadilishe, kanijibu yuko sawa. Haya.

Saa 12 na nusu tumeshafika kingoni. Tunajipanga mstari, hatua chache kati ya mtu na mwenzake, tunakwenda polepole macho chini. Asubuhi ndiyo saa yetu, kwa sababu jua likiwa la upande kila kitu kidogo kinatoa kivuli. Hutafuti mfupa kwa kweli, unatafuta umbo ambalo jiwe haliwezi kuwa nalo: pindo la mviringo, vitundu vidogo vidogo mahali palipovunjika, kitu kinachong'aa pasipostahili. Wazee wa kazi hii hugusisha kipande kwenye ncha ya ulimi. Mfupa wenye vitundu hunata, jiwe halinati. Dokta, kiongozi wetu, ametukataza. Anasema tukumbuke ng'ombe wangapi wanakunywa mto huu huko juu.

Saa 2, saa 3, saa 4: gamba la kobe, taya la kiboko ambalo bado linanuka, mawe, mawe, mbung'o.

Saa 5 ikaja bodaboda.

Nyuma alikaa mzee mmoja mwenye koti, kapakata kitu kimeviringishwa kwenye khanga. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akauliza mkubwa wetu ni nani. Nikamwonyesha Dokta. Akamtazama, akatabasamu, akanigeukia tena: "Mwanangu, nauliza mkubwa." Nikamwambia ndiye huyo, mzee. Dokta amezoea, akaendelea kuandika kwenye daftari lake.

Sasa, mzee hafungui khanga mpaka bei itajwe. Nikamweleza kwamba hatununui kitu, na tena hatuwezi kusema chochote juu ya kitu ambacho hatujakiona. Akasema bei ni laki tano. Nikamwambia mzee, hatununui, tukianza kununua wiki ijayo kingo hizi zitakuwa mashimo matupu, na kuchimba mambo ya kale bila kibali kumekatazwa na sheria tangu mwaka 1964. Akatikisa kichwa kwa huruma, akaniambia anajua ninachoficha.

Ndipo tukaingia kwenye Mjerumani. Ukikaa Kigoma huwezi kumkwepa Mjerumani. Kila mti mkubwa wenye kovu kaacha alama, kila jiwe lenye mstari chini yake kuna kasha la dhahabu yake. Mzee alikuwa na hoja, tena hoja yenye miguu. Mwaka 1916, walipoona wanazidiwa, Wajerumani walizamisha meli yao wenyewe, ile tunayoiita Liemba, si mbali na mdomo wa mto huu huu. Kabla ya kuizamisha waliipaka injini mafuta mazito isiharibike. Na kweli ikaibuliwa, na mwaka 1927 ikarudi kazini. "Mtu anayepaka meli mafuta ili aje aichukue," akasema, "dhahabu yake ataiacha juu ya meza?" Sikuwa na jibu la haraka. Jua lilikuwa utosini na kivuli cha mti kilikuwa cha mtu mmoja, naye ndiye aliyekikalia.

Akashuka hadi laki tatu. Akapanda tena laki nne baada ya kuona Dokta ana GPS. Akaniuliza kile kidude kinapima zebaki? Akapigiwa simu, akaongea Kiha muda mrefu, akamwambia mtu aliye upande wa pili kwamba wanunuzi wapo na wanasumbua. Dereva wa bodaboda alikuwa amelala.

Kilichomfungulisha khanga ni chakula. Tulipakua ugali wa muhogo na dagaa, tukamkaribisha, na mtu hali ugali huku amepakata mzigo. Akauweka chini, akafungua.

Ulikuwa mkono.

Nasema mkono kwa sababu wote tuliona mkono, hata mimi ninayelipwa kuona vingine. Kitu cheusi cha kahawia, upana wa kiganja cha mtoto, juu kimegawanyika vidole vifupi vilivyobanana. Kijana wa jinzi akaacha kula. Mzee akasema kwa sauti ya chini kwamba ni mtoto aliyegeuka jiwe, na Mjerumani alimweka pale kuwa alama.

Dokta akanawa, akakigeuza. Akaniita nitazame chini, mahali ambapo pangekuwa kifundo. Palikuwa wazi, ndani patupu. Kiganja cha mtu kina mifupa mingi iliyoachana, na kila kidole kina viungo. Hapa hapakuwa na kiungo hata kimoja: vidole vilitoka kwenye shina moja, na juu yake vyote vimevikwa ganda gumu linalong'aa. Ganda hilo ni enameli. Tulikuwa tumeshika jino, tena kipande tu cha jino.

Jino la gego la tembo si donge moja, ni mabamba yaliyosimama yakapangana na kugandishwa pamoja. Tembo hupata magego sita kila upande wa taya katika maisha yake, lakini hayachomozi kutoka chini kama yetu. Yanaumbika nyuma na kusogea mbele, yakisukumana kama mabehewa stesheni, la mbele likisagika na kumeguka. Lile linaloumbika huko nyuma, kabla mabamba hayajashikana, likifa na mnyama wake huachana bamba moja moja. Ncha za bamba ambalo halijawahi kutafuna hata jani huwa na vidole hivyo. Watu wa nchi nyingi wameokota kitu hicho hicho na kuona mkono.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja: "Tembo?"

Tembo, mzee.

"Yaani hii ni nyara ya serikali?"

Hapo bei ilianguka vizuri sana. Laki nne ikawa hela ya mafuta ya bodaboda, hela ya mafuta ikawa "chukueni tu, mimi nimeokota, sikuua mnyama." Akataka kuondoka. Dokta akamwambia akae, hakuna anayemshtaki. Ataandikishwa kwa mtendaji wa kijiji kwamba ameokota na kukabidhi, lakini kwanza atuonyeshe alipokiokota. Maana mfupa ukishatoka mahali pake, nusu ya habari zake zimebaki pale.

Tulikwenda kwa miguu, kwa kuwa bodaboda alikuwa ameamka na kutaja bei yake. Saa sikuitazama tena. Najua mbung'o walikuwa wamempata kijana wetu kwenye mapaja na alikuwa anatembea akijipiga. Mzee aligeuka mchangamfu, akinisimulia habari za chumvi ya Uvinza na namna bibi zake walivyoipika, na nilifurahi kumwambia kwamba waliochimba kisayansi kwenye zile chemchemi mwaka 1967 walikuta watu wakipika chumvi pale tangu zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Hilo aliliamini bila ubishi.

Mahali penyewe ni kwenye kona ya mto, juu ya kokoto zilizoachwa na maji. Juu kabisa, zimelegea. Hii ndiyo sehemu ya kazi inayochosha kuliko jua. Rangi nyeusi haikuambii umri. Madini ya mto huu yanaweza kutia mfupa rangi upesi. Bamba moja halitoshi kusema ni tembo wetu wa pori la Moyowosi, au tembo aliyeuawa enzi za misafara ya pembe ya Ujiji, au yule aliyetoweka zamani ambaye meno yake yamepatikana Olduvai. Kungekuwa na gego zima tungehesabu mabamba na kupima unene. Lingekuwa bado limeshikwa na tabaka la udongo ukingoni, tabaka lingetupa pa kuanzia. Tulipekua ukuta wa kingo kwenda juu, tukipiga magoti, tukichekecha mchanga, mpaka macho yakawa yanaona enameli kwenye kila kokoto. Hapakutoka kitu.

Kamoya Kimeu, Mkenya, mtafuta visukuku mwenzetu, alianza kama kibarua wa kuchimba Olduvai mwaka 1960. Mwaka 1964 akaliona lile taya la zamadamu la Peninj karibu na Ziwa Natron, na mwaka 1984 mifupa ya yule mvulana wa Turkana, naye zamadamu. Macho yake yalikuwa haya haya ya kuinama. Nalikumbuka jina lake hasa jioni, kiuno kikikataa kunyooka.

Kwa mtendaji tulifika giza limeingia. Mzee akaweka dole gumba, akapewa nakala, akaikunja ndani ya koti kwa uangalifu kuliko alivyobeba jino. Kambini nikalifunga bamba kwa karatasi ya chooni, nikaandika lebo: bamba la gego la tembo, halijatumika, juu ya kokoto, nje ya tabaka, umri haujulikani, limeokotwa na mwanakijiji. Dokta akasoma, akaongeza alama za GPS, akasaini.

Kesho tunaanzia juu ya ile kona, ambako kokoto zimeshikamana na udongo mwekundu. Kijana wa jinzi ameniomba suruali.