Upande wa pili wa flopi za Baba Mdogo

Uyole, Mbeya, Jumapili usiku. Mvua inanyesha tangu saa tisa mchana.

Kava la kompyuta bado liko wazi mezani, bisibisi iko palepale nilipoiacha, na nimeona nisilale kabla sijaandika. Leo nimesikia nyimbo kumi na nne ambazo mara ya mwisho nilizisikia nikiwa darasa la tatu, nimekaa kwenye benchi la nyuma kanisani, miguu haifiki chini.

Nianze na mashine yenyewe. Baba Mdogo alifundisha kwaya kule Rungwe miaka mingi. Mwaka 1992 alifika mwalimu mmoja wa muziki, Mjerumani, na alipoondoka alimwachia kompyuta yake, Atari 520STFM. Kwao Ujerumani mashine hizi zilipendwa sana, na kwa watu wa muziki sababu iko wazi ubavuni mwake, upande wa kushoto: matundu mawili ya MIDI, ile njia ya kompyuta na kinanda kupeana habari za vibonye, yamewekwa kiwandani. Kompyuta nyingi nyingine za wakati ule ulilazimika kuzinunulia kifaa cha pembeni. Hii unachomeka waya wa kinanda, unakaa, unapiga. Prosesa yake ni Motorola 68000 ya megahezi 8, kumbukumbu kilobaiti 512. Picha ilionekana kwenye TV ya chogo kupitia waya wa antena. Baba Mdogo aliitumia hivyo zaidi ya miaka kumi, kila wimbo aliotunga akaupiga sauti moja baada ya nyingine, akauhifadhi kwenye flopi yake, zile diski bapa za plastiki za zamani.

Alipopata kiharusi mwaka 2021, mkono wa kulia ukakosa nguvu. Mwezi uliopita nilipopita Tukuyu kumsalimia akanionyesha ndoo ya rangi yenye mfuniko. Ndani, flopi 23. Akasema, "Mwanangu, vidole vyangu vimebaki humu. Angalia kama vinatoka."

Nimelifikiria neno hilo wiki mbili nzima, na kila nilivyozidi kuchokonoa mashine niliona alivyosema kweli. Faili la MIDI halina sauti ndani yake. Lina habari kwamba kibonye fulani kilibonyezwa wakati fulani, kwa nguvu kiasi gani, na kikaachiwa lini. Sauti ni ya kinanda kitakachopokea habari hizo. Kwa hiyo kilichomo kwenye ile ndoo ni mwendo wa vidole vya Baba Mdogo alipokuwa na miaka arobaini.

Shida ilikuwa draivu, kifaa cha kusomea na kuandikia flopi. Hizi 520STFM za mwanzo zilitoka na draivu ya upande mmoja tu. Flopi ina njia 80 za duara, kila njia imegawanywa sekta 9, kila sekta baiti 512. Zidisha upate baiti 368,640, yaani kilobaiti 360, au 360K. Nilipoifungua ya zamani nikaiweka chini ya taa nikaona kwa macho kile nilichokuwa nakijua kwa kusoma. Chini kuna kichwa kimoja cha kusomea, cheupe, laini kama jino la mtoto. Juu yake, mahali ambapo kichwa cha pili kingekaa, kuna kipande cha kitambaa kizito, kidogo kama punje ya hindi, kazi yake kuikandamiza flopi ikae sawa. Kitambaa hicho kimesugua upande wa pili wa nyimbo zote za Baba Mdogo kwa miaka yote hiyo bila kuandika hata herufi. Na flopi zenyewe zimeandikwa MF2DD. Ile 2 maana yake pande mbili. Alinunua nafasi mara mbili akatumia nusu, maana mashine haikuwa na namna ya kuifikia nusu nyingine.

Najua wapo watakaosema ningeweka Gotek, kile kiboksi kinachokaa mahali pa draivu ukachomeka flashi badala ya flopi, ukawa na mamia ya diski kwenye kitu cha ukubwa wa kidole. Ni kifaa kizuri na siku moja nitakiweka. Lakini Gotek haisomi flopi. Nyimbo ziko kwenye flopi zenyewe, kwenye ule mduara wa kahawia, kwa hiyo nilihitaji draivu halisi yenye vichwa viwili. Draivu ya pande mbili inasoma za upande mmoja bila taabu, halafu inaandika 720K, mara mbili yake, kwenye flopi mpya. Na 720K ndiyo lugha ambayo Atari na kompyuta za kawaida zinaelewana: flopi iliyofomatiwa hivyo kwenye PC, Atari inaisoma na kuiandika. Ndipo nyimbo zitakapotoka humu na kufika kwenye simu za wanakwaya.

Draivu niliipata soko la Mwanjelwa, kwa fundi anayerundika kompyuta za zamani nyuma ya kibanda. Alinitolea Pentium moja iliyokwisha kazi, nikalipa shilingi 5,000, nikachukua draivu yake ya flopi na skrubu zake.

Kuifunga hakukuwa kazi ya saa moja. Skrubu za chini, kisha kava, kisha lile bati la kuzuia mawimbi, limeshikwa na vikunjo unavyonyoosha kwa plaizi taratibu, maana vikikatika havirudi. Hapo kwenye pawasapulai usiweke mkono hata kama umechomoa umeme sasa hivi. Mimi niliiacha usiku mzima ndipo nikaigusa. Mara ya kwanza kuwasha, taa ya draivu iliwaka moja kwa moja na haikuzima. Waya bapa nilikuwa nimeuchomeka kinyume. Nikaugeuza. Mara ya pili taa haikuwaka kabisa, na nikifungua diski A mashine inalalamika kwamba draivu haijibu.

Hapo nilikaa jioni mbili. Umeme nao ulikatika jioni zote mbili, nikawa natazama saketi kwa tochi ya simu. Mwishowe nikaelewa. Draivu za PC zimepangwa zote zijitambulishe kama namba 1, na PC yenyewe inazitofautisha kwa ule msokoto ulioko katikati ya waya wake. Atari haina msokoto. Inaita namba 0, na draivu yangu inasubiri kuitwa namba 1. Kwenye draivu za zamani kuna jampa, kipande kidogo cha kuunganisha pini, unaihamisha kwa vidole. Yangu haina jampa, ina vituo viwili vya risasi ya kulehemu, vidogo kama mbegu za ulezi, vimeandikwa DS0 na DS1. Nikaipasha moto pasi ya kulehemu, nikanyonya risasi kutoka DS1, nikaidondosha DS0. Nikawasha. Taa ikawaka, draivu ikaguna ule mguno wa zamani, ikazima. Nilipiga kelele mpaka mke wangu akaja na mwiko mkononi.

(Kitufe cha kutolea flopi hakilingani na tundu la kava. Nitalipanua kwa tupa nikipata muda. Kwa sasa kava linabaki wazi.)

Kazi kubwa ikawa flopi. Tukuyu ni mvua sehemu kubwa ya mwaka, na ukungu, ile kuvu, haujali mfuniko wa ndoo. Ukisogeza lile bati dogo la flopi na kuzungusha kitovu chake kwa kidole unaona madoa ya kijivu, duara ndani ya duara, kama alama za kikombe cha chai mezani. Ukiichomeka hivyo hivyo, ukungu unakwangua njia na kubaki kwenye kichwa, halafu flopi inayofuata nayo inaharibika. Kwa hiyo kila moja nimeisafisha kwa pamba ya masikio na spiriti, robo kwa robo, nikizungusha polepole, pande zote mbili maana sasa kuna kichwa juu pia. Kisha naiacha ikauke kabisa. Baada ya kila flopi tatu nasafisha vichwa. Nimetumia pakiti nzima ya pamba.

Mashine ina draivu moja, basi kunakili ni kuingiza na kutoa: weka ya zamani, toa, weka mpya, toa. Sinakili diski nzima, nabeba faili moja moja, ili flopi mpya ibaki ya pande mbili. Bahati nzuri chini ya ndoo kulikuwa na boksi la flopi kumi ambazo hazijawahi kufunguliwa, bado zina nailoni yake. Kati ya zile 23, zimesomeka 19. Zote 19 zinaingia kwenye kumi hizi.

Leo baada ya ibada Baba Mdogo alipanda Noah kuja huku, yeye na mkongojo wake. Nilikuwa nimeazima kinanda. Nikampa shikamoo, nikamkalisha, chai na ndizi zikaja, hakuvigusa. Nikafungua wimbo wa kwanza kwenye orodha. Besi ikaingia, kisha tenori, kisha sauti ya kwanza. Mkono wake wa kushoto ukaanza kutembea juu ya goti. Ule wa kulia ulilala tu, lakini kidole gumba kilikuwa kinatikisika.

Katikati ya ubeti wa pili akainua mkono. "Hapo. Umesikia? Besi nilichelewa."

Nikamwambia, "Baba, naweza kuisogeza. Ni kubonyeza tu."

Alikaa kimya mpaka wimbo ukaisha. "Iache. Siku ile mama yako mdogo aliniita mezani katikati ya kupiga. Ndiyo maana."

Tulisikiliza zote kumi na nne nilizokuwa nimemaliza kuhamisha. Alipoondoka alinishika kichwani, akasema "ndaga fijo", yaani asante sana kwa Kinyakyusa, hakuongeza kitu.

Zimebaki flopi tano za kuhamisha na nne ambazo hazijasomeka. Kati ya hizo nne, namba 17 inanisumbua zaidi. Ina mwandiko wake kwenye lebo: "Pasaka, sauti nne." Inasoma hadi karibu na mwisho, halafu draivu inaanza kugonga. Nimeirudishia spiriti, nimeiweka wima juu ya rafu karibu na jiko, mahali pakavu. Kesho jioni nitaijaribu tena.