X ya penseli

Juzi mwanangu kafungua daftari la hesabu, X mbili nyekundu. "Mama, hizi nimekosa." Nikazikodolea macho mpaka akanivuta kanga.

Kensington, London, 12 Desemba 2019, siku ya uchaguzi mkuu. Mvua, na giza tangu saa kumi jioni. Raia wa Jumuiya ya Madola mwenye kibali cha kuishi Uingereza anapiga kura ya ubunge kama mwenyeji, mradi awe amejiandikisha. Nilishajiandikisha. Jimbo lile chama cha Labour walilitwaa kutoka chama cha Conservative 2017 kwa kura 20 tu, baada ya kuhesabu na kurudia kuhesabu, na mshindi kule ni mwenye kura nyingi hata asipofika nusu, kama ubunge wa kwetu. Nisiyetaka Conservative warudi, njia yangu ilikuwa nyeupe.

Ila akaja Sam Gyimah. Alikuwa waziri wa Conservative, Septemba akahamia chama cha tatu, Liberal Democrats, wakamleta agombee Kensington. Vipeperushi vikajaa mlangoni, kila chama na mchoro wake wa nguzo za kura, nguzo yake ndiyo ndefu. Ushauri ukapishana: huyu akitazama matokeo ya 2017 anasema Labour, yule akitazama kura za maoni anasema Gyimah. Kura ya mkakati, ya kumpa mwenye nafasi ya kumzuia usiyemtaka, inataka watu wakubaliane kwanza nani yuko wa pili. Wasipokubaliana wanagawana, na wa kwanza anapita katikati yao. Hayo niliyajua vizuri.

Kituoni waliniuliza jina na anwani, basi. Wino wa kidole hakuna. Nikaingia kwenye kituturi cha mbao. Penseli ilikuwa fupi, imefungwa kwa uzi, na uzi wenyewe mfupi. Ilibidi nisogeze karatasi upande wa kulia ndipo ncha ifike. Majina yamepangwa kwa alfabeti ya ukoo: Buchan wa Conservative juu, chini yake Dent Coad wa Labour, chini zaidi Gyimah. Maelekezo yanasema weka X. Nimezoea alama ya vema. X kwangu ni mwalimu na kalamu nyekundu. Nikaishika penseli juu ya kisanduku cha Dent Coad, nikaiona ncha imeacha nukta ndogo ya kijivu nje ya mstari, nikashusha mkono. Nilimwamini Gyimah, na niliamini upepo umegeuka. Nikaweka X, mistari miwili, wa pili ukatetemeka.

Asubuhi: Buchan 16,768. Dent Coad 16,618. Gyimah 9,312. Pengo la kura 150.

Nimewaza sana kuhusu chama cha tatu tangu siku ile. Mwaka 2024 Liberal Democrats walipata viti 72 kwa asilimia 12 hivi ya kura, chama cha Reform UK asilimia 14 na viti 5. Liberal Democrats walielekeza nguvu kwenye majimbo ambayo tayari walikuwa wa pili. Kura za Reform zilitapakaa nchi nzima. Kensington ya 2017 Liberal Democrats walikuwa wa tatu, kwa mbali. Takwimu hiyo ilikuwapo, nami niliiona.

Kura yangu ingehamia Labour, pengo lingebaki 149. Lakini dada wa ghorofa ya chini aliniuliza jioni ile tukiwa ngazini, mwavuli bado unachuruzika, tumpe nani. Nikamwambia.