Koti la kondoo navaa, la mbweha hapana

Jamani winta ya tatu hii niko Minneapolis na bado baridi yake sijaizoea, juzi asubuhi nyuzi 22 chini ya sifuri, ukipepesa macho kope zinagandana. Mwaka jana nikabahatika koti la ngozi ya kondoo dukani kwa mitumba, dola 40, kahawia, ndani sufu bado iko kwenye ngozi yake, kwapani palichanika nikashona mwenyewe. Zito kama gunia la mkaa ila ukifunga vifungo upepo unakoma kabisa.

Sasa dada mmoja kazini ananiuliza, humuonei huruma mnyama? Nikamwambia kwetu kondoo anachinjwa Idi, nyama inaliwa, ngozi inawambwa juani, bibi yangu aliifanya msala akaswalia juu yake miaka na miaka. Kuitupa ndo ingekuwa dhambi, au nakosea?

Ila mbweha na minki, kale kamnyama kadogo kama nguchiro, ni habari nyingine aisee. Yule anakaa kwenye kizimba cha waya tangu azaliwe, wanamtaka manyoya tu. Nakumbuka 2020 Denmark walivyoua mamilioni ya minki sababu ya korona, nikasema khaa, kumbe walikuwa wengi hivo, wote wa makoti? Norway wao wameshapiga marufuku ufugaji huo.

Afu jirani mmoja bibi wa kizungu kanipa kola ya mbweha, laini balaa. Iko kabatini. Sijaivaa, na kuitupa pia nashindwa.