Siku Baba Alipokagua Ushirika wa Greenbelt

Baba alikuwa katibu wa chama cha msingi cha kahawa huko Kibosho kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Nyumbani kwetu KNCU, chama kikuu cha ushirika wa kahawa cha Kilimanjaro kilichoanzishwa mwaka 1933, ilitajwa mezani kama ndugu wa damu: imechelewesha malipo, imepata mwenyekiti mpya, imetununulia paa la shule. Kwa hiyo alipokuja kututembelea Maryland mwaka 2012, na minara ya Washington ikaanza kumchosha, nikamwambia kwamba mji huu tunaopanga, Greenbelt, ulijengwa kwa misingi ya ushirika. Akaweka kikombe chini.

"Sasa mbona hujanipeleka, mama?"

Sisi tulikuwa tunakaa upande wa magharibi, kwenye maghorofa ya miaka ya 1960 ambako wahamiaji wengi huanzia maisha. Mji wa zamani uko upande wa pili wa barabara kuu. Tulikwenda Jumapili baada ya misa, kwa kuwa moja ya nyumba zake za mwanzo, ambayo sasa ni makumbusho, hufunguliwa siku hiyo.

Njiani nilimweleza nilichojua. Wakati wa mdororo wa uchumi, serikali ya Rais Roosevelt ilitafuta kazi kwa watu na nyumba kwa wenye kipato kidogo. Mchumi Rexford Tugwell akaja na wazo la miji mipya iliyozungukwa na misitu, na Eleanor Roosevelt akaifuatilia kwa karibu. Ilijengwa mitatu: Greendale kule Wisconsin, Greenhills kule Ohio, na huu wa kwetu. Watu wasio na ajira waliletwa kutoka Washington kufyeka msitu na kuchimba ziwa la ekari 23. Familia za kwanza zilihamia mwaka 1937. Nyumba zilikuwa 885, walioomba walizidi 5,000.

Baba alipenda sana vile vivuko vinavyopita chini ya barabara. Alisimama ndani ya kimoja akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, kama mtu anayenunua nyumba. Mtoto anatoka kwao hadi shuleni bila kukutana na gari hata moja, na hayo yalifikiriwa miaka ya 1930! Kwenye kuta za shule ile ya zamani, ambayo siku hizi ni ukumbi wa jamii, kuna michongo ya mawe ya Lenore Thomas inayofuata utangulizi wa katiba ya Marekani. Watu wake wana mikono mizito, ya wafanyakazi. Baba alitaka nimsomee maneno yote, jiwe kwa jiwe. Penye "kusimamisha haki" akatikisa kichwa kukubali, tukaendelea.

Nyumba ya makumbusho ni ndogo. Jiko ndilo linalotazama barabara, sebule inatazama bustani. Viti na meza vilibuniwa maalumu kwa nyumba hizi, na mpangaji aliweza kuvilipia kidogo kidogo kila mwezi. Mama mmoja mtu mzima, aliyejitolea kutembeza wageni, alitupokea vizuri. Baba hakujali sahani wala mapazia. Aliuliza duka la kwanza lilikuwa la nani. Yule mama akaeleza kwamba mtaji wa mwanzo ulitoka kwa Edward Filene, mfanyabiashara wa Boston, hadi wakazi walipoyanunua maduka mwaka 1940. Na mwaka 1952 ushirika wao wa nyumba ukazinunua na nyumba kutoka serikalini.

"Kumbe walinunua wenyewe!" Baba alifurahi kama vile ni chama chake.

Kisha yule mama, bila kuulizwa, akasema kwamba Weusi walikuwamo miongoni mwa walioujenga mji huu, lakini hakuna familia nyeusi iliyoruhusiwa kupanga. Nilitafsiri yote, sikupunguza neno.

Baba akainua kidole gumba. "Kanuni ya kwanza. Uanachama wa hiari, ulio wazi kwa wote."

Kanuni hizo alizisoma Chuo cha Ushirika, Moshi, na zilitokana na wale wafumaji wa Rochdale, Uingereza, waliofungua duka lao mwaka 1844. Mwenyeji wetu akasema kwamba ubaguzi ule ulitoka serikalini, haukuwa wa duka. Baba akamsikiliza kwa heshima. "Nimeelewa. Na mkutano mkuu wa wanachama ulisemaje?"

Mimi niko upande wa Baba katika hili, na sijabadilika. Baadaye nilisoma kwamba ni mwaka ule ule, 1937, ambapo shirikisho la kimataifa la vyama vya ushirika lilizipitisha rasmi kanuni za Rochdale, na uanachama ulio wazi ukawekwa wa kwanza. Huwezi kusema enzi zile watu hawakujua. Nami naupenda mji ule kwa dhati. Ndiyo maana jambo hili linaniuma.

Kabla ya kurudi tulipita duka la ushirika, lile la vyakula. Baba alinunua ndizi, akatumia muda mrefu zaidi kusoma matangazo ya wanachama ukutani kuliko kuchagua ndizi zenyewe. Karibu nusu ya wakazi wa Greenbelt siku hizi ni Weusi, na kwenye foleni siku ile ilionekana wazi.

Aliporudi Kibosho aliwasimulia wenzake wa chama. Mzee mmoja akauliza kama wajukuu wa waliochimba ziwa walishafikiriwa, na Baba akanipigia simu nimpe jibu. Sikuwa nalo mpaka Novemba 2021, wakazi walipopiga kura na kukubali iundwe kamati ya kuchunguza suala la fidia kwa wakazi Weusi na kwa wenyeji asilia. Nilimpigia usiku uleule nilipopata habari. Akataka kujua kura zilizokubali, zilizokataa, na idadi ya wajumbe. Nikamwambia wajumbe ni 21. Akaniambia nisubiri, anatafuta kalamu.