Silensi mbovu: anza na koili, usianze na kununua

Gari ikitetemeka kwenye foleni ya feri ya Likoni, Mombasa, silensi (mzunguko wa injini gari ikiwa imesimama) ina kasoro, lakini usikimbilie kubadilisha vitu. Mfano ni Toyota ya injini ya 1NZ, zimejaa hapa mjini. Tia gea N kwanza. Mtetemo ukipungua sana na mshale wa mizunguko umetulia, shuku mauntingi za injini, yaani vishikizo vyake vya mpira. Plagi hazina kosa hapo.

Mshale ukirukaruka, zima gari, chomoa soketi ya koili moja (koili ndiyo huipa plagi umeme wa cheche), washa, sikiliza. Zima, irudishe, nenda ya pili, mpaka zote nne. Ile ambayo ukiichomoa sauti haibadiliki, silinda yake ndiyo imelala. Hamisha koili hiyo kwa jirani. Ubovu ukihama nayo, nunua koili moja tu, si nne! Usipohama, fungua plagi: nyeusi kavu ni petroli nyingi, yenye mafuta ya injini kwa nje mara nyingi ni sili za kava ya juu zinavuja. Pengo la ncha za plagi liwe milimita 1.1. Na hapa Pwani tazama pini za soketi, hewa ya chumvi huziotesha ukijani. Zisugue polepole.

Zote nne zikiwa sawa, nyunyiza maji ya sabuni kwenye mipira ya vakyumu, ile injini inayonyonya hewa kupitia kwayo. Sauti ikibadilika ghafla, mpira umepasuka hapo. Mwisho safisha throto (mlango wa hewa ya injini) kwa kitambaa laini na dawa ya kusafishia throto. Baadaye silensi inaweza kupanda kidogo kwa muda, kompyuta inajizoesha upya.