Nimerudi Sinza, Nyumba Yetu Ina Namba

Dereva wa teksi kule uwanja wa ndege wa Dar es Salaam aliniuliza, "Bosi, namba ya nyumba?" Nikamwelekeza kama tulivyoelekezana mwaka 2008 nilipoondoka: nenda Sinza Makaburini, ingia kwa mama maandazi, utaona mwembe. Akanitazama, akarudia, "Namba?"

Mama maandazi hayupo. Mwembe nao ulikatwa, mizizi ilipasua ukuta wa bafu la jirani. Tulizunguka mpaka nikaitambua kona kwa mteremko wake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umechelewa?" Miaka kumi na tano, yeye aliulizia ile saa moja na nusu tuliyopoteza tukizunguka.

Kumbe namba tunayo. Ilikuja na zoezi la anwani za makazi mwaka 2022, kabla ya sensa. Kibao kiko ukutani, ila kamba ya kuanikia kanga imepita mbele yake. Mama haijui namba yenyewe, wala haimsumbui.

Jioni baba akanikumbusha habari niliyokuwa naisikia kwa sikio moja utotoni. Katikati ya miaka ya 1970 serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilipima viwanja hapa Sinza, Kijitonyama na Mikocheni. Haikumjengea mtu nyumba. Ilichonga barabara, ikapitisha mabomba ya maji, ikagawa viwanja. Kujenga ni juu yako na mshahara wako. Baba alianza na vyumba viwili upande mmoja wa korido, upande wa pili ukasubiri mpaka mimi nikazaliwa. Ndiyo maana mitaa yetu imenyooka. Vuka Morogoro Road uingie Manzese uone tofauti: mradi uleule, lakini kule watu walishajenga, barabara na maji vikawafuata na kujipenyeza palipobaki upenyo.

Huduma hazijatukimbia. Hospitali ya Palestina bado naenda kwa miguu, maduka ya Mlimani City ni pua na mdomo, na tangu 2016 kuna mabasi ya mwendokasi pale Shekilango, yanakupeleka hadi Kivukoni. Mabasi ya mikoani ndiyo yamehama, yako Mbezi tangu 2021, na sikutegemea kuyatamani makelele ya wapiga debe wa Ubungo. Kilichoniuma ni kiwanja chetu cha chandimu, mpira wa mtaani. Pamejengwa baa. Kila mtaa sasa una baa, gesti na ukumbi wa harusi, na Ijumaa usiku mama hufunga madirisha na joto lote hili.

Jumamosi niliagiza mtungi wa gesi. Nikatoka uani, nikasogeza kanga, nikamsomea kijana wa bodaboda namba, nimejaa fahari. Baada ya dakika ishirini akapiga simu.

"Kaka, nimekwama, hebu nielekeze vizuri."

Mama akaninyang'anya simu. "Njoo Mwembeni, baba."

"Aah, Mwembeni! Si mngesema."